Mbele ya kuuza kamyoneti ya mazutu

Ndugu musomaji, labda na kwenu maneno haya yamekwisha kuingia. Baba ana kamyoneti ya mazutu, na ndiyo inayolisha nyumba. Mutoto amerudi kutoka masomo, anasema: «Baba, uuze hii, tununue ya umeme.» Kisha bukari inapoa mezani, kwa sababu wote wawili wanasema na hakuna anayekula.

Kwetu ilikuwa siku ya yenga, nyuma ya ibada, chini ya muembe. Yaya wangu anabeba mikate. Ni miaka mingi sasa, kila siku isipokuwa yenga, anaamka usiku, anapakia kwenye fabrike ya mikate, anazunguka makartie ya Lubumbashi mpaka kioski ya mwisho. Gari yake ni ya zamani, na mwaka huu pompe ya mazutu imeanza kumusumbua. Garaje imekula feza ambazo zilikuwa za minervali ya watoto. Mutoto wake wa kwanza amemaliza umeme katika shule ya ufundi, na siku ile alikuwa na maneno mengi kinywani.

«Baba, ile gari haikunywake mazutu hata litri moja. Unaitia mu prizi mangaribi, asubui unaenda.»

Yaya akatafuna pole pole, akameza, akajibu: «Mwanangu, na kuran yenyewe iko wapi?»

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana niliona kwamba baba na mwana wote wana haki, na kwamba kicheko hakitalipa minervali. Nikawaomba kitu kimoja: juma moja na daftari moja. Yaya aandike kilometri zake. Mama wa nyumba aandike saa ambazo umeme umefika. Kila jambo nitakalokuambia hapa limetoka mule ndani ya daftari, pamoja na yale niliyosoma na kuuliza.

Si jambo geni kwetu

Kwanza tuondoe hofu moja. Wengine wanasema gari ya umeme ni mambo ya Wazungu na ya Wachina, sisi tuna mavumbi na mashimo. Lakini muulize muzee yeyote wa Likasi. Tangu mwaka wa 1952 treni za umeme zilitembea kati ya Likasi (wakati ule ikiitwa Jadotville) na Tenke, chini ya waya wa volti 25 000. Ulaya yenyewe wakati ule ilikuwa ingali inajaribu umeme wa namna ile kwa treni. Maji ya Lufira pale Mwadingusha yalikuwa yanazungusha mashini tangu 1930. Baadaye ikaja Koni, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Shaba yetu ilivutwa na maji yetu. Mazutu ilikuja kuchukua nafasi kubwa baadaye.

Na wewe ambaye baba yako alitumika chini ya udongo, unakumbuka lampi yake ya kichwani? Alipotoka posti alifanya nini? Aliirudisha kwenye nyumba ya lampi, akaifunga kwenye mashini ya kujaza batri, akaenda kulala. Kesho yake aliikuta imejaa. Gari ya umeme ni lampi ile ile iliyokuwa kubwa: inatoka imejaa, inatumika, inarudi fasi yake, inajazwa.

Neno la maana hapo ni «inarudi». Huko Uingereza, kwa miaka mingi mbele ya batri za kisasa, maziwa yaligawanywa asubuhi na magari ya umeme, maelfu kwa maelfu. Yalikuwa na batri nzito za risasi na yalienda pole pole sana. Yaliwezekana kwa sababu gani? Mugawanyaji wa maziwa alijua njia yake nyumba kwa nyumba, alisimama kila mara, na mbele ya saa sita ya muchana alikuwa amekwisha kurudi kwenye prizi. Shika mufano huu; tutaurudilia.

Gari inakula nini

Mazutu tunaipima kwa litri. Umeme tunaupima kwa kilowati-saa. Resho ya kilowati moja ikiwaka saa moja, imekula kilowati-saa moja. Ni hiyo tu, usiogope neno.

Litri moja ya mazutu ina nguvu ya karibu kilowati-saa 10. Lakini mashini ya mazutu inageuza karibu sehemu moja kwa tatu tu kuwa mwendo, na mara nyingi chini ya hapo, zaidi sana katika muji ambamo unasimama kila mara. Nguvu nyingine inatoka kama joto: shika radiatere, shika eshapma, utaniambia. Moteri ya umeme haitupi nguvu namna ile. Tena, ukishuka mulima au ukikanyaga freni, moteri inageuka kuwa dinamo na kurudisha kidogo ndani ya batri.

Yaya aliandika kilometri 64 kwa siku. Gari yake inakunywa karibu litri 11 kwa kilometri 100 (ni nzee, na inabeba), ndiyo kusema litri 7 kwa siku. Kamyoneti ya umeme ya ukubwa wa katikati, ikiwa imepakia, nimeihesabia kilowati-saa 25 kwa kilometri 100. Kwa njia ya yaya hiyo ni kilowati-saa 16. Wakati wa kujaza kuna nguvu inayopotea njiani, kwa hiyo kwenye konteri utaona kama 18.

Andika pembeni bei ya litri 7 za mazutu kwenu. Andika bei ya kilowati-saa 18. Kila muji una bei zake, na zinabadilika, lakini fasi nyingi utaona kwamba kijana ana haki kabisa. Ongeza vidanji, filtri, ambreyaji, enjektere, kurua ya distribisyo: gari ya umeme haina hata kimoja cha hivyo. Haki ya kijana inazidi.

Sasa tufungue ukurasa wa mama.

Daftari la juma moja

Prizi ya kawaida ya nyumba, ukiitumia kwa amani, inatoa ampere 10 kwa volti 220, ndiyo kilowati 2,2. Kwa kilowati-saa 18 unahitaji zaidi ya saa nane. Hiyo ni kama volti ziko 220. Lakini mangaribi, wakati kila nyumba imewasha resho, ampuli inakuwa nyekundu kama kaa la moto, unajua vile iko. Volti zikishuka mpaka 170, saa nane zinakuwa kumi na nusu. Na gari nyingine zikiona volti zimeshuka sana zinakataa kabisa kupokea.

Mama aliandika saa za umeme kutoka jua kushuka mpaka yaya anapotoka: siku ya kwanza saa 7, siku ya pili 0, siku ya tatu 4, siku ya ine 9, siku ya tano 2, siku ya posho 6, yenga 8. Jumla saa 36. Hata tukihesabu volti zote nzuri, ni kilowati-saa 79 kwa juma. Kazi ya siku sita inaomba 108.

Tukacheza muchezo. Tuliseme yaya amenunua kamyoneti ya mutumba yenye batri ya kilowati-saa 24, ambayo kwa kweli inakupa kama 21. Siku ya kwanza anatoka imejaa, anarudi na 5. Usiku ule umeme unamuongezea kama 13 na nusu. Siku ya pili anarudi na 2 na nusu, na usiku hakuna kitu. Siku ya tatu hatoki hata mu lupango.

Tukajaribu batri ya 40, inayokupa kama 36. Siku ya kwanza muzuri. Siku ya pili muzuri. Siku ya tatu anarudi na moja na nusu, jasho kwenye uso. Usiku anapata saa ine. Siku ya ine anasimama nyuma ya kilometri kama 37, mikate ndani, mama wa vioski wanamungojea, na hakuna mutu anayeweza kukuletea umeme ndani ya bido.

Kijana alikaa kimya. Halafu akasema: «Baba mudogo, ile juma ilikuwa mubaya.» Ndiyo, ilikuwa mubaya. Lakini mikate haiulizi kama juma ni nzuri.

Ndugu musomaji, hili ndilo ambalo ningependa ufanye mbele ya neno lingine lolote. Usianze na picha za gari kwenye telefone. Tundika daftari karibu na konteri, uandike juma ine, si juma moja, na ikiwezekana juma mbili za kiangazi na mbili za mvua. Daftari haligharimu kitu. Gari inagharimu nyumba.

Grupu, hapana. Jua, labda

Kuna waliosema: «Delestaji ikifika, tutawasha grupu.» Fanya hesabu mbele ya kuwasha. Grupu ndogo ya mazutu inatoa karibu kilowati-saa 3 kwa litri moja. Kwa 18 utachoma litri 6. Gari ya zamani ilikuwa inakunywa 7! Umebeba moshi kutoka barabarani ukauleta karibu na dirisha la watoto, ukalipa gari mupya juu yake. Na moshi ule si muchezo: mwaka wa 2012 wachunguzi wa kansa wa OMS waliuweka moshi wa mazutu katika kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Kati ya watu waliochunguzwa mbele ya kusema hivyo kulikuwa wafanyakazi wa migodi.

Jua ni neno lingine, na hapa nilimuona kijana akiinua kichwa tena.

Kumbuka mugawanyaji wa maziwa. Yaya anatoka usiku na saa tano ya asubuhi amekwisha kurudi. Gari inasimama chini ya muembe mpaka usiku. Jua la kiangazi letu linapiga wakati ule ule gari iko nyumbani! Pano 10 za wati 550, kuanzia saa tano mpaka saa kumi, siku ya kiangazi isiyo na mawingu, zinaweza kutoa kilowati-saa 15 mpaka 18. Hiyo ni karibu kazi yake yote ya siku. Saa ine za umeme usiku zingejaza kilichobaki.

Lakini mutu wa taksi-busi anayetembea muchana kutwa hawezi kufanya hivyo. Jua likiwaka, gari yake iko njiani. Yeye angehitaji batri nyingine nyumbani ya kuweka jua la muchana mpaka usiku, na batri ile ni gari ya pili kwa bei. Vilevile mwenye kupeleka samaki Kolwezi: kutoka Lubumbashi ni karibu kilometri 300, Likasi peke yake ni 120. Kwa huyu, leo, na kamyoneti za bei tunayoweza, mimi ningesema bakia na mazutu yako na ufanye vidanji kwa wakati. Kipushi kwenda na kurudi, kama 60, inawezekana. Kasumbalesa kwenda na kurudi, kama 180, ni kwa mwenye batri kubwa na moyo mugumu.

Na jua pia lina vita yake. Pano moja ya wati 550 ina metri za mraba mbili na nusu na kilo karibu 28. Kumi ni karibu kilo 280 juu ya mabati. Panda kwanza uangalie mbao, maana nyumba nyingi zilipewa mbao za kubeba mabati tu. Mu kiangazi mavumbi mekundu yanafunika pano kama blanketi, mutu apande kufuta. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3 mawingu yatakunyanganya nusu, siku nyingine zaidi ya nusu. Wingu likipita, gari inaacha kupokea. Ndiyo maana unahitaji onduleri inayojua kuchanganya jua na umeme wa shirika, au batri ndogo ya kushikilia katikati. Wezi sitawataja, munawajua.

Wengine wamefanya namna gani

Huko Nairobi, tangu 2022, kampuni BasiGo inaweka mabasi ya umeme barabarani. Waliona kwamba batri ndiyo inayoua munuuzi, kwa hiyo walianza kuuza basi bila kudai bei ya batri. Mwenye basi analipa kwa kila kilometri, na kujaza na kutunza kunakuwa ndani ya malipo yale. Kigali, tangu 2019, pikipiki za Ampersand zinabadilisha batri: mutu anasimama, anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa, anaenda. Angalia vizuri: fasi zote mbili mwenye gari hakubeba muzigo wa batri peke yake. Kijana anayetafuta cha kufanya katika muji wetu anaweza kuwaza hapo, kuliko kuwaza jinsi baba atakavyouza kila kitu.

Kama unanunua ya mutumba

Wengi wetu tutanunua iliyokwisha kutumika Ulaya au Asia, kwa hiyo sikiliza.

Kwenye gari ya mazutu unauliza kilometri. Kwenye gari ya umeme unauliza afya ya batri. Batri inazeeka hata kama gari haikutembea sana. Iliyokuwa 24 wakati ikiwa mupya inaweza kuwa 17 leo, na muuzaji atakuambia tu «ni ya 24». Omba ijazwe mbele yako mpaka mwisho, uitembeze njia yako mwenyewe ikiwa na muzigo, uone imekula ngapi. Kama muuzaji anakataa, umekwisha kupata jibu.

Kuna mutego mumoja ambao watu wachache wanaujua. Renault Kangoo Z.E., kamyoneti iliyotoka mwaka wa 2011 na ambayo Posta ya Ufaransa iliichukua kwa wingi, mwanzoni iliuzwa bila batri. Batri ya kilowati-saa 22 ilikuwa ya kukodisha, mwenye gari alilipa kila mwezi. Basi leo unaweza kukuta gari ya bei ndogo ya kushangaza, na batri iliyo ndani si ya muuzaji! Omba karatasi inayosema kwamba batri imekwisha kununuliwa. Zile za 2017 na kuendelea zina 33, bora zaidi kwa kazi. Nissan e-NV200 ilianza 2014 na 24, na kutoka 2018 ikapata 40.

Tena, prizi hazifanani. Ulaya wana yao, Japani yao, China yao. Waya wa kujazia utoke pamoja na gari, usikubali neno «utapata kwenu». Na uangalie chini: batri inalala chini ya sakafu, na mashimo yetu munayajua. Gari isiyo na bamba la chuma pale chini, acha.

Neno zuri: mashini za mazutu zisizo na turbo zinapoteza nguvu kidogo juu ya milima yetu, maana Lubumbashi iko karibu metri 1 200 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Moteri ya umeme haijali hewa.

Vijana wa garaje, hili ni lenu

Ndani ya gari hizi kuna waya zenye rangi ya machungwa. Zinabeba volti 350 mpaka 400. Volti hizi haziulizi mara mbili. Kijana hodari wa garaje aliyezoea kupima kila kitu kwa tournevis, hapa atakufa. Hata gari ikiwa imezimwa, usifungue kifuniko chenye waya wa machungwa kama hukufundishwa. Matairi, rotule, amortisere, freni, batri ndogo ya volti 12: hivyo ni vyako, na kwa njia zetu kazi haitakosa.

Nyumbani pia. Ampere 10 kwa saa nane si kama kunyoosha shati. Waya mwembamba wa milimetri moja na nusu uliopita ndani ya plafo unaweza kuwasha nyumba watu wakilala. Vuta waya wake peke yake, 2,5 au bora 4, na dijonktere yake, na kinga ya miliampere 30, na fimbo ya kweli ndani ya udongo. Waliofunga waya mbele ya konteri, mimi sitawafundisha namna ya kujaza gari; ni wizi, na tena kabine ya kartie ikiungua ni avenue nzima inayochanga feza. Hata kwa haki, zungumza na majirani: kamyoneti kumi usiku mumoja ni kilowati 22 juu ya kabine ambayo tayari inalia.

Na akina mama, mutuambie watoto. Gari hii haina sauti. Mutoto anayecheza mupira kwenye avenue anajua mazutu inakuja kwa sababu anaisikia toka mbali. Ulaya walilazimisha tangu mwezi wa 7 wa 2019 kwamba aina mupya za gari za umeme zitoe mulio zikienda pole pole, lakini zile za mutumba tunazopata nyingi ni za mbele ya hapo. Shofere apige honi.

Swali la binti

Tulipomaliza hesabu, binti ya yaya, yule wa shule ya sekondari ambaye hakuwa amesema neno, aliuliza: «Na mu ile batri, muko majiwe ya Kolwezi?»

Meza ilinyamaza. Sisi wote tuna ndugu aliyeshuka ndani ya shimo. Mwaka wa 2014, pale Kasulo, watu walichimba ndani ya malupango yao, hata ndani ya vyumba vyao. Kuna watoto walioacha benchi la shule juu ya jiwe lile jeusi.

Nilimujibu hivi. Kuna batri za namna mbili kwa kamyoneti. Moja ina nikeli, manganezi na kobalti. Ndani ya batri moja ya 40 kobalti inaweza kuwa kilo kadhaa, na kwa kuwa zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti ya dunia inachimbwa katika inchi yetu, ndiyo, kwa nafasi kubwa ni majiwe yetu. Ilitoka hapa juu ya kamyo ya mazutu, ikapita mupaka, ikapanda meli. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inasafishwa China. Ya pili ni ya chuma na fosfati. Haina kobalti hata gramu. Ni nzito zaidi, lakini inavumilia kujazwa mara nyingi na haishiki moto upesi, na magari mengi ya kazi ya China yanatumia hiyo.

Kwa kazi ya yaya ningechagua ya pili. Binti akasema: «Sasa kama wote wanachukua ya pili, wale wa Kolwezi watakula nini?»

Sikuwa na jibu la kumaliza. Mwezi wa 2 wa 2025 serkali ilifunga njia ya kobalti kutoka inchi kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana, na mwezi wa 10 ikafungua kwa kipimo, kila kampuni na sehemu yake. Yule mwenye kuchimba kwa mikono hakuulizwa. Shaba ndiyo haikimbiwi: gari ya umeme ina kama kilo 80 za shaba, wakati ile ya mazutu au esansi ina kama 20 na kitu. Hata ile isiyo na kobalti, imebeba udongo wetu. Nilimuambia hayo, na nilimuona hakuridhika, na nadhani ana haki ya kutoridhika.

Yaya hakuuza. Alitengeneza pompe kwa mara nyingine, kwa deni. Kijana amepiga fimbo ya udongo nyuma ya nyumba, amevuta waya wa 4 mpaka chini ya muembe, na amepanda juu ya mabati na metri: anasema mbao tatu zibadilishwe mbele ya kuweka pano hata moja. Mbao zimekwisha kununuliwa. Kwa gari, wamekubaliana kungoja mpaka daftari limalize mvua yote.

Nilipita pale juma hili. Daftari lingali limetundikwa karibu na konteri, na bik imefungwa kwa kamba ili watoto wasiibebe shuleni. Siku ya kwanza, saa 5. Siku ya pili, saa 8. Mbele ya siku ya tatu mama alikuwa bado hajaandika kitu. Alikuwa amekaa na mushumaa, anangoja.